Erlang, mwanahisabati aliyepima msongamano wa simu

MKAZI wa Lopur, Turkana Magharibi, anapopiga simu na kukosa laini kwa sababu ya msongamano, hukumbana na tatizo lililofanyiwa hesabu zaidi ya karne moja iliyopita.

Aliyelifanyia hesabu ni Agner Krarup Erlang, mwana wa mwalimu wa kijiji, aliyezaliwa Lønborg, Denmark, Januari 1, 1878. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Copenhagen mnamo 1901, akafundisha shule kwa miaka kadhaa, kisha 1908 akaajiriwa na Kampuni ya Simu ya Copenhagen.

Kampuni hiyo ilikabiliwa na swali gumu. Nyaya zikiwa nyingi mno, fedha hupotea. Zikiwa chache, wateja hukosa nafasi.

Mnamo 1909 Erlang alionyesha kwamba, ingawa kila mtu hupiga simu apendapo, wingi wa simu kwa jumla hufuata kanuni inayokokotoleka. Mwaka wa 1917 alitoa kanuni mbili mashuhuri: moja ya mitambo inayokataa simu nafasi zinapojaa, nyingine ya mitambo inayomweka mteja kwenye foleni.

Kwa kanuni ya kwanza, ikiwa ni simu moja tu kati ya 100 itakayokataliwa, laini 10 huhimili wastani wa simu 4.5 kwa wakati mmoja, ilhali laini 100 huhimili 84. Ndiyo sababu mnara wa nyikani wenye nafasi chache huelemewa upesi kuliko mitambo ya mjini, hata watumiaji wake wakiwa haba.

Swali hilo bado linawakabili wahandisi wanaopanga swichi za vituo vya data. Data inapozidi uwezo wa njia, itupwe, isubiri foleni, au mtumaji aambiwe asite kwanza? Na kila huduma itengewe sehemu gani ya njia? Kwa kuwa data hufika kwa mafungu makubwa kuliko simu, wao huongeza vipimo vingine juu ya hesabu za Erlang.

Erlang, ambaye hakuoa, alifariki Februari 3, 1929, akiwa na umri wa miaka 51. Mnamo 1946 kipimo cha kimataifa cha msongamano wa simu kilipewa jina lake. Kwa kipimo hicho, upungufu wa laini Lopur waweza kuhesabiwa sawasawa na wa Copenhagen.