FRANZ LISZT, MUPIGA PIANO ALIYEWAKUMBUKA WATU WA GARIKA

Siku za yubile ni siku za kuimba. Korali zetu zinajifunza nyimbo mupya, ngoma zinakazwa, na kanisa linajaa watu mpaka inje. Ni vema hivyo. Lakini wimbo ukiisha, na kila mutu akirudi nyumbani kwake, matunda ya wimbo ule ni nini? Kwa kujibu ulizo hilo tumechagua kueleza hapa maisha ya mutu wa muziki, aliyekufa zamani na ambaye jina lake linajulikana katika dunia yote: Franz Liszt wa Hungaria. Mara mbili garika liliangamiza watu wa inchi yake, na mara mbili alitumia vidole vyake kwa kuwasaidia. Mara ya kwanza alikuwa kijana wa miaka 26. Mara ya pili alikuwa muzee wa miaka 67, mwenye kuvaa kanzu ya kanisa.

1. Utoto na ujana wake

Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa 10 mwaka wa 1811 katika kijiji cha Raiding. Wakati ule kijiji hicho kilikuwa katika ufalme wa Hungaria. Leo kiko katika inchi ya Austria. Baba yake, Adam Liszt, alikuwa mutumishi katika mali ya jamaa kubwa ya Esterházy. Katika ujana wake Adam alikuwa novisi kwa Wafransiskani, lakini hakudumu kule. Mutoto wake akabatizwa kwa jina la Fransisko, na baba mwenyewe ndiye aliyemufundisha piano. Kisha jamaa ikahamia Vienna, pahali Carl Czerny na Antonio Salieri walipomuendelesha. Na mwisho wa mwaka wa 1823 wakafika Paris.

Mwaka wa 1827 baba akafa, mutoto hajatimiza bado miaka 16. Ikawa lazima atafute chakula chake na cha mama yake kwa kufundisha watoto wa matajiri kupiga piano. Wakati ule moyo wake ulitamani sana kuingia seminari, lakini mama yake na padri aliyemuungamisha walimuzuia. Sisi tuliopita katika seminari ndogo, kisha tukarudi kuishi katikati ya walei, tunajua kwamba wazo la namna ile halizimiki kwa siku moja.

Katika mwezi wa 4 mwaka wa 1832 alimusikia Paganini, mupiga violoni wa Italia, katika konseri iliyofanywa kwa ajili ya watu waliopatwa na kolera katika Paris. Kwa ufundi ule alishangaa sana, akaanza kujifunza upya kama mwanafunzi. Na siku ileile aliona namna muziki unavyoweza kukusanya feza kwa ajili ya wagonjwa.

2. Garika la Pest

Sisi watu wa milima tunajua mvua inayokata njia na kubomoa nyumba. Lakini garika la Pest lilitoka katika barafu. Katika inchi za baridi, muto mukubwa Danube ulikuwa ukigeuka kuwa barafu, sawa ile tunayoiona kwa mbali juu ya Ruwenzori wakati mawingu yanapofunguka. Joto likirudi, barafu inavunjika na mapande yake yanasukumwa na maji. Katika mwezi wa 3 mwaka wa 1838 mapande yale yalirundikana na kuziba njia ya maji. Muto ukapanda, ukaingia muji wa Pest. Nyumba nyingi zilikuwa za matofali ya udongo yasiyochomwa. Zililowa, zikaanguka juu ya wenyewe. Watu zaidi ya 150 walikufa, na nyumba zaidi ya 2,000 zikaharibika. Bwana mukubwa mumoja, Miklós Wesselényi, alizunguka katika mashua akiokoa watu, na watu wa Hungaria wanamukumbuka kwa sababu ya kazi ile mpaka leo.

Liszt alikuwa Venezia, mbali sana. Alikuwa akiishi na Marie d'Agoult, bibi wa jamaa kubwa aliyemuacha bwana wake kwa kumufuata, nao walikuwa wamekwisha kuzaa watoto wawili wa kike. Hatufichi jambo hilo, kwa maana hatuandiki hapa maisha ya mutakatifu. Alitoka Hungaria akiwa mutoto, hata lugha ya Kihungaria hakuijua vizuri. Lakini aliposoma katika gazeti mateso ya watu wa Pest, damu yake ilimuita. Akashika njia ya Vienna.

Tarehe 18 mwezi wa 4 mwaka wa 1838 alifanya konseri katika muji ule, na feza iliyopatikana ikatolewa kwa watu wa garika. Tuangalie namna musaada ule ulivyofanyika. Mupiga muziki hakuwa na gala ya chakula, wala mbao za kujenga nyumba. Alikuwa na kazi ya mikono yake, na jina linaloweza kukusanya katika chumba kimoja matajiri ambao hawakuwa na sababu nyingine ya kukutana. Wale waliokuja kufurahisha masikio yao, walilipa, na kwa malipo yao watu wa udongo na matope walipata kitu.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Watu wa Vienna walimupenda mno, wakaomba aendelee, na konseri ziliongezeka mpaka mwezi wa 5. Nyingine zilikuwa kwa ajili ya maskini, nyingine kwa faida yake mwenyewe. Katika siku zile Marie aliugua kule Venezia, lakini Liszt hakurudi mbio. Alikuja kusaidia watu wa garika, akakuta sifa inamungojea mulangoni. Sadaka yake ilikuwa ya kweli, lakini ilichanganyika na mambo mengine, sawa sadaka zetu nyingi.

3. Miaka ya sifa

Toka mwaka wa 1839 mpaka 1847 alizunguka Ulaya yote, toka Ureno mpaka Urusi na Constantinople. Wafalme walimupokea, na makundi ya watu yalisukumana kwa kumuona. Alipata feza nyingi na alitoa nyingi: kwa sanamu ya Beethoven katika Bonn, iliyofunuliwa mwaka wa 1845, kwa kumaliza kujenga kanisa kubwa la Köln, kwa watu waliokosa nyumba nyuma ya moto mukubwa wa Hamburg wa mwaka wa 1842.

Halafu katika mwezi wa 9 mwaka wa 1847, akiwa na miaka 35 tu, aliacha kupiga piano kwa malipo. Alikwenda kukaa Weimar, akiongoza muziki wa pale na kuinua kazi za wengine, hasa za Richard Wagner.

4. Kanzu ya kanisa

Kisha huzuni zikafuatana. Mutoto wake Daniel alikufa mwaka wa 1859, akiwa na miaka 20. Mwaka wa 1861 alitumaini kufunga ndoa katika Roma na Carolyne von Sayn-Wittgenstein, lakini ndoa ile ilizuiwa. Mwaka wa 1862 binti yake Blandine naye akafa. Liszt akaondoka katika makelele, na mwaka wa 1863 akapanga katika monasteri ya Madonna del Rosario, karibu na Roma. Baba Mutakatifu Pio IX alikuja kumutembelea pale.

Tarehe 25 mwezi wa 4 mwaka wa 1865 alikatwa nywele kwa alama ya kuingia katika utumishi wa kanisa, na katika mwezi wa 7 akapewa madaraja madogo ine: mulinzi wa mulango, musomaji, mufukuza pepo na akolita. Mapadri wetu wazee wanayakumbuka, kwa maana Papa Paulo VI aliyageuza mwaka wa 1972 tu. Basi Liszt hakuwa padri. Hakuweza kusoma Misa wala kuungamisha. Wengi walimucheka, wakifikiri anavaa kanzu kwa maonyesho. Yeye aliivaa mpaka mwisho wa maisha yake, akaandika Misa na nyimbo za Njia ya Musalaba, na wanafunzi waliomufuata toka inchi nyingi aliwafundisha bure.

5. Garika la Szeged

Tarehe 12 mwezi wa 3 mwaka wa 1879 muto Tisza ulivunja kingo zake na kuangamiza muji wa Szeged. Nyumba zaidi ya 5,000 zilianguka. Katika mwezi uleule muzee Liszt akakaa tena mbele ya piano katika Budapest, kwa ajili ya watu wa Szeged.

Hapa hatuoni tena kijana anayetafuta jina. Jina alikuwa nalo toka zamani, feza hakuitaka, nguvu za mwili zilikuwa zikipunguka. Kilichobaki ni kazi ya mikono yake na watu wenye shida. Kazi aliyoianza katika ujana na moyo uliogawanyika, aliirudilia katika uzee na moyo mumoja. Alikufa katika Bayreuth tarehe 31 mwezi wa 7 mwaka wa 1886, akazikwa kulekule.

Ndugu wapendwa, katika mwezi wa 5 mwaka wa 2023 maji yaliangamiza Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa. Kesho inaweza kuwa zamu ya bonde lingine, labda la kwetu. Waimbaji wa Butembo na Beni wasingoje kwanza mioyo yao itakaswe kabisa ndipo waimbe kwa ajili ya wenye kupatwa. Waanze na moyo walio nao. Mungu aliyemungojea Liszt miaka 41 atatungojea sisi vilevile.