Seyyid Barghash bin Said na Matbaa ya Unguja

Huenda wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi wakauliza ni lipi linalotufanya sisi tuliokaa Kisumu, kando ya Ziwa, kuandika habari za Sultani wa Unguja. Jawabu ni kuwa katika zama za Sultani huyo misafara ya watu wa Pwani ilikuwa ikifika mpaka mji wa Nabongo Mumia, kaskazini ya hapa petu, na Uislamu ukaanza kujulikana upande huu kwa vinywa vya wasafiri. Na katika zama hizo hizo Sultani alikuwa na mtambo wa kupigia chapa katika mji wake. Basi yatupasa kuuliza mtambo ule ulimfaa nani, na ulimpita nani.

Seyyid Barghash alikuwa mwana wa Seyyid Said bin Sultan, naye alizaliwa yapata mwaka 1837. Mwaka 1859 aliinuka kumpinga nduguye, Seyyid Majid, asifaulu, akahamishwa Bombay. Mji huo ulikuwa tayari na matbaa nyingi za Waislamu, na nyingi katika hizo zilipiga chapa kwa jiwe. Ufundi huo aliuvumbua Alois Senefelder wa Bavaria mwishoni mwa karne ya 18. Maandishi huandikwa juu ya jiwe laini kwa wino wenye mafuta, kisha jiwe hutiwa maji. Wino wa chapa hushika penye mafuta na kukataa penye maji. Kwa njia hiyo hati ya mkono hutoka vile vile ilivyoandikwa, wala hapana haja ya herufi za risasi. Ndiyo sababu Waislamu wengi waliipenda.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya mitambo hiyo. Friedrich Koenig, Mjerumani aliyehamia London, alitengeneza mtambo uendeshwao kwa mvuke, na tarehe 29 Novemba 1814 gazeti la The Times likapigwa chapa kwao, karatasi 1,100 kwa saa moja. Mwaka 1847 Richard Hoe wa New York akapata hataza ya mtambo wa kuzunguka, ambao herufi zake hufungwa juu ya pipa. Hataza ni hati ya serikali impayo mvumbuzi haki ya kuuza alichokivumbua peke yake kwa muda maalumu. Katika Uingereza ya zama hizo muda huo ulikuwa miaka 14. Lakini hati hiyo ilikuwa na sharti: mvumbuzi aeleze kazi yake kwa maandishi, ili muda ukiisha kila fundi aweze kuitengeneza. Kufuli lilikuwepo, na siku ya kufunguliwa kwake ilijulikana tangu mwanzo.

Seyyid Barghash alirithi ufalme mwaka 1870. Mwaka 1873 alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, nao Waingereza walimshurutisha kwa manowari zao. Mwaka 1875 alisafiri Uingereza, Ufaransa na Misri. Habari za safari hiyo ziliandikwa kwa Kiarabu na Zahir bin Said, aliyefuatana naye, zikapigwa chapa London mwaka 1878. Baada ya safari hiyo aliweka matbaa Unguja, nayo ilikuwa ikifanya kazi kufikia mwaka 1880 au karibu yake. Humo kilianza kupigwa chapa kitabu cha Qamus al-Sharia cha Sheikh Jumayyil bin Khamis al-Saadi, kitabu cha juzuu 90 ambacho sehemu yake tu ndiyo iliyotoka. Ilipigwa pia tafsiri ya Kurani ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa Mzab, nchi ya Algeria. Kwa hiyo mwanachuoni wa Sahara alisomwa kwa chapa ya Unguja, na hilo ni jambo la fahari.

Lakini vitabu hivyo vilikuwa vya Kiarabu na vya madhehebu ya Kiibadhi, madhehebu ya Sultani. Mvuvi, mshoni na mchukuzi wa Kishafii, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuwa na fungu humo. Katika mji ule ule wamishonari wa Kiingereza, chini ya Askofu Edward Steere, walikuwa wakipiga chapa vitabu vya Kiswahili kwa herufi za Kizungu. Wao waliona mapema kuwa mtu hufundishwa kwa lugha aisemayo.

Zaidi ya hayo, Seyyid Barghash hakustahimili wanazuoni waliopinga madhehebu yake. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni wa Kishafii, alifungwa kwa amri yake. Alitoka gerezani baada ya Sultani kufariki mwezi wa Machi 1888. Kufuli hili halikuwa na muda ulioandikwa, lilingoja mauti.

Hatukusudii kumvunjia heshima marehemu. Aliwaletea watu wa mji maji safi ya bomba, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na alikufa akiwa ameona Wajerumani na Waingereza wakigawana nchi alizozihesabu kuwa zake. Twasema tu kwamba chombo alikileta, na mlango wake akauacha mwembamba.

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894 akamwacha mwana mdogo, jina lake Al-Amin. Mwana huyo ndiye aliyetoa Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akiwasemeza Waislamu kwa Kiswahili juu ya elimu, juu ya malezi ya watoto wa kike na wa kiume, na juu ya uvivu wao wenyewe. Hakuwa na hazina ya mfalme, na maneno yake yaliingia katika nyumba za watu wa kawaida.

Katika darasa letu hapa Kisumu hukaa pamoja Mswahili, Mjaluo, Mluhya na Mnubi wa Kibos. Wengi wao walisoma kwanza lugha za mama zao katika vitabu vya misheni, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwepo. Mwenye uwezo wa kuchapisha miongoni mwenu, ndugu zetu wa Pwani, na alipe fungu lake swali hili kabla ya kuagiza karatasi: nani atakayekisoma kitabu hiki, na kwa lugha gani?