FRIEDRICH POCKELS: MTOTO WA ASKARI ALIYEITIISHA NURU

Leo tunamkumbuka Friedrich Pockels, mwanasayansi wa Kijerumani ambaye jina lake lingali likitajwa na wataalamu wa mawasiliano ya nuru, ijapokuwa aliiaga dunia kabla matangazo ya redio hayajaenea.

Alizaliwa Vicenza, kaskazini mwa Italia, tarehe 18 Juni, 1865. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Austria, na sisi tuvaao sare twaujua ugumu wa maisha ya namna hiyo. Malaria iliiandama jamaa ile. Baba akaacha jeshi, na mwaka 1871 wakahamia Braunschweig, Ujerumani.

Friedrich alisoma Göttingen, akatunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1888. Dada yake Agnes naye alikuwa na kipaji, lakini siku hizo vyuo vikuu havikupokea wanawake. Friedrich hakuifanya elimu kuwa mali yake binafsi. Alimpa dada yake vitabu. Agnes akachunguza uso wa maji jikoni mwake, na mwaka 1891 matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Nature, Uingereza.

Mwaka 1893 Friedrich alichunguza fuwele zilizotiwa umeme. Swali lilikuwa hili: je, umeme hubadili mwendo wa nuru moja kwa moja, au huipotoa fuwele tu, na upotovu huo ndio uigusao nuru? Kwa vipimo vya subira alithibitisha kwamba umeme wenyewe hutenda kazi hiyo, na kwamba badiliko huongezeka sawia na nguvu ya umeme.

Juu ya msingi huo vimejengwa vifaa vipachikavyo habari katika nuru ipitayo ndani ya nyuzi za kioo. Mwali hugawanywa njia mbili, na umeme huuchelewesha mmoja. Ikikutana tena, huimarishana au huzimana. Fuwele zilizozoeleka zilidai volti kadhaa, basi watafiti wakageukia polima, jamii ya plastiki, ambazo molekuli zake hupangwa kwa joto na umeme mkali mfano wa askari gwarideni. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walitangaza kifaa cha polima kilichotosheka na volti 0.8.

Pockels alifundisha Heidelberg tangu mwaka 1900 hadi alipofariki tarehe 29 Agosti, 1913, akiwa na umri wa miaka 48. Hakuyaona matunda hayo. Nasi twajifunza kwake kwamba aliyefunguliwa mlango wa elimu asiufunge nyuma yake.