John Speke na magamba ya Ziwa Tanganyika

Wengi wetu tukisikia jina la John Hanning Speke tunakumbuka chanzo cha mto Nile. Lakini mwaka 1858 msafara wake ulipopita Tabora, palipoitwa wakati huo Kazeh, ulibeba pia magamba ya konokono na kome kutoka Ziwa Tanganyika. Magamba hayo yalikuja kuzua swali kubwa: je, ziwa letu lilikuwa bahari zamani?

Speke alizaliwa Uingereza mwaka 1827. Akiwa na miaka 17 alijiunga na jeshi India, na huko alipenda kuwinda na kukusanya wanyama. Mwaka 1855 alijeruhiwa vibaya kwa mikuki huko Berbera, katika nchi ya Wasomali. Alipona, na Juni 1857 akaanza safari ya bara kutoka pwani ya Tanganyika pamoja na Richard Burton. Hawakuwa wawili tu. Wapagazi walibeba mizigo, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani India tangu utotoni, alikuwa mtu wao wa kutegemewa.

Novemba walifika Kazeh, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir. Februari 1858 wakaingia Ujiji. Speke alikuwa akiugua macho, hata ziwa hakuliona vizuri. Alipopata nafuu alivuka kwa mtumbwi, na njiani mdudu akamwingia sikioni, likaziba kwa miezi. Hata hivyo aliokota magamba ufukweni.

Msafara uliporudi Kazeh, Burton alibaki. Speke alielekea kaskazini na Agosti akaliona ziwa la Nyanza, akaliita Victoria na kuamini kwamba Nile inaanzia hapo. Burton alipinga. Speke alirudi na James Grant, akapita tena Kazeh mwaka 1861, na Julai 1862 akaona Nile ikitoka ziwani huko Uganda. Ubishi haukuisha. Septemba 15, 1864, siku moja kabla ya mdahalo kati yake na Burton, alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Alikuwa na miaka 37.

Magamba yake yalibaki. Mwaka 1859 mtaalamu wa London, Samuel Woodward, aliyaeleza kwa mara ya kwanza, na hadi leo konokono mmoja wa ziwa hilo ana jina la Speke. Baadhi yana gamba nene na gumu kama ya baharini. Ziwa lina pia yavuyavu, kiumbe ambaye wengi wa jamaa zake huishi baharini. Ndiyo maana mtafiti J. E. S. Moore, aliyefika ziwani mwaka 1896, alidai kwamba Tanganyika ni masalia ya bahari ya kale.

Alikosea. Ziwa lilitokea ardhi ilipopasuka na kudidimia katika Bonde la Ufa, mamilioni ya miaka iliyopita. Konokono wamejenga magamba mazito humo humo ziwani, kwa sababu kaa wa ziwa huyavunja magamba mepesi na kuwala.

Historia ya maji yenyewe imesomwa kwenye tope. Watafiti hushusha bomba ndefu chini ya ziwa na kutoa tope lililojipanga tabaka juu ya tabaka. Ndani yake, kwa darubini, wanaona daiatomu, viumbe vidogo vya majini vyenye gamba kama kioo. Aina nyingine hushikamana na mawe penye maji mafupi, nyingine huelea kwenye kina. Tabaka la zamani likijaa zile za maji mafupi mahali ambapo leo pana kina kirefu, basi ufuko ulikuwa karibu na hapo. Njia hiyo hiyo hutumika baharini kujua maji yalifika wapi zamani. Kwa ushahidi wa aina hii imefahamika kwamba miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati wa ukame mkali, ziwa lilikuwa chini ya kiwango cha leo kwa zaidi ya mita 200.

Kwa anayejenga au kulima ufukweni Kigoma, jambo hili si hadithi ya kale tu. Ufuko wa Ujiji aliouona Speke si huu wa leo, na maji yanayorudi nyuma huweza kupanda tena.