Samuel Colt alifilisika kabla ya bastola kumtajirisha

SAMUEL Colt alizaliwa Hartford, Marekani, Julai 19, 1814. Akiwa kijana baharia alichonga kwa mti mfano wa bastola yenye silinda inayozunguka. Mwaka 1836 alipata hataza ya Marekani na kufungua kiwanda Paterson, lakini mwaka 1842 kilifungwa.

Vita vya Mexico ndivyo vilivyomwinua. Mwaka 1847, kwa msaada wa Kapteni Samuel Walker, serikali iliagiza bastola 1,000. Kiwanda hakuwa nacho. Alizitengenezea kwa mtu.

Ufundi wake ulikuwa hapa: nyundo ikivutwa, silinda huzunguka na kujifunga, tundu likitazamana na mtutu. Anayekagua bastola kuukuu ya aina hiyo (tupu, bila shaka) huanza hapohapo. Silinda ikichezacheza, imechakaa. Kisha huchungulia mtutu, kwani masalia ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kuleta kutu. Mwenye nayo alipaswa kuiosha kwa maji kila alipoitumia, aikaushe na kuipaka mafuta. Wavivu walikuwa wengi.

Colt alifariki Januari 10, 1862, tajiri wa miaka 47. Kiwanda chake cha Hartford kilipoungua mwaka 1864, mjane wake, Elizabeth, alikijenga upya.