Nereo Rocco na Heshima ya Daraja la Pili

Kila mwaka wanafunzi wapya wanapoingia katika ukumbi wangu wa mihadhara, huwataka wataje shule walikotoka. Wapo wanaoyatamka majina ya shule zao kwa sauti ya juu, na wapo wanaoyameza, hasa wale waliosomea shule zisizojulikana nje ya tarafa zao. Walimu wa shule hizo nao, ninapokutana nao katika semina, hujieleza kana kwamba wanaomba radhi. Hao ndio hunikumbusha Nereo Rocco, mkufunzi wa kandanda wa Italia, ambaye maisha yake hayawezi kusimuliwa bila kuitaja Serie B, ligi ya daraja la pili ya nchi yake.

Rocco alizaliwa tarehe 20 Mei 1912 katika mji wa bandari wa Trieste, ambao wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mji huo ulitwaliwa na Italia, na utawala wa Kifashisti ukawashurutisha wakazi wake kuyapa majina yao sura ya Kiitaliano. Ukoo wake, uliokuwa na jina la Kijerumani, ukaishia kuitwa Rocco. Jina la mtu laweza kubadilishwa kwa amri ya serikali, lakini lugha ya nyumbani ni jambo jingine. Lahaja ya Trieste aliyoizungumza utotoni, katika familia iliyokuwa na duka la nyama, ndiyo aliyoizungumza hata alipokuwa bingwa wa Ulaya. Lakabu aliyopewa na mashabiki, El Paròn, yaani bwana mwenye nyumba, ni ya lahaja hiyo wala si ya Kiitaliano sanifu. Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa; Rocco hakuiacha.

Alipokuwa kijana wa miaka 17, Waitaliano waliupanga upya mchezo wao. Kuanzia msimu wa 1929-30 palikuwa na ligi moja ya kitaifa ya timu 18, Serie A, na chini yake Serie B, nayo ya timu 18. Casale, waliokuwa mabingwa wa nchi mwaka wa 1914, walijikuta katika daraja la pili. Hawakukaa kulia, waliishinda ligi hiyo katika msimu wake wa kwanza, wakapanda. Tangu siku zake za awali, basi, Serie B ilikuwa ngazi, na ngazi hukanyagwa na anayepanda na anayeshuka.

Rocco mwenyewe alicheza Triestina, kisha Napoli na Padova. Aliivalia timu ya taifa mara moja tu, dhidi ya Ugiriki mwaka wa 1934. Miezi michache baadaye Italia ilitwaa Kombe la Dunia bila yeye.

Sifa yake ilianza alipokuwa mkufunzi. Triestina walikuwa wamemaliza mkiani mwa Serie A mwaka wa 1947, wakabakizwa kwa sababu za kisiasa, kwa kuwa Trieste ilikuwa mikononi mwa majeshi ya nchi washirika na Italia haikutaka kuonekana imeutupa mji huo. Rocco alipewa timu hiyo ya kuhurumiwa, na katika msimu wa 1947-48 akaifikisha nafasi ya pili, sawa kwa pointi na Milan na Juventus, nyuma ya Torino. Baadaye aliifunza Treviso katika Serie B, akarejea kwao mwaka wa 1953, na mwaka uliofuata akaachishwa kazi. Mcheza kwao hutuzwa, lakini si kila siku.

Ndipo alipochukuliwa na Padova, timu iliyokuwa ikiyumba katika Serie B na kukaribia kutumbukia daraja la tatu. Aliiokoa. Msimu uliofuata, wa 1954-55, akaipandisha Serie A ikiwa ya pili nyuma ya Lanerossi Vicenza. Mwaka wa 1958 klabu hiyo ya mji usio mkubwa ilimaliza ya tatu Italia nzima, ikitanguliwa na Juventus na Fiorentina pekee. Nguzo zake zilikuwa watu kama Ivano Blason, beki aliyevuka miaka 30, na Kurt Hamrin, Mswidi aliyesumbuliwa na majeraha huko Juventus.

Mbinu yake huitwa catenaccio, neno la Kiitaliano lenye maana ya komeo. Mchezaji mmoja huondolewa mbele na kuwekwa nyuma ya mabeki wengine, asiwe na mtu maalumu wa kumlinda, bali azibe pengo lolote linalotokea. Wapo wanaomlaumu Rocco hadi leo kwamba aliua uzuri wa mchezo. Sikubaliani nao. Asiye na fedha za kununua washambulizi hodari hana budi kuanza kwa kufunga mlango. Mbinu hiyo ni sarufi ya wanyonge: kujua una nini, huna nini, na kupanga ulicho nacho kwa akili.

Isitoshe, alipopata zaidi, alifanya zaidi. Milan walimwita mwaka wa 1961. Walitwaa ubingwa wa Italia mwaka wa 1962, na mwaka wa 1963 wakawa klabu ya kwanza ya Italia kushinda Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, walipoilaza Benfica ya Eusébio 2-1 mjini London. Aliporejea Milan baada ya kuifunza Torino, alishinda ligi na Kombe la Washindi mwaka wa 1968. Mabao yote mawili ya fainali hiyo dhidi ya Hamburg yalifungwa na Hamrin, yule yule wa Padova. Mwaka wa 1969 Milan waliicharaza Ajax 4-1 katika fainali ya Klabu Bingwa. Timu inayofunga mabao manne katika fainali haiwezi kuambiwa kwamba haijui ila kujilinda.

Rocco alifariki Trieste tarehe 20 Februari 1979. Mwaka mmoja baadaye Milan waliteremshwa Serie B kwa kashfa ya upangaji wa matokeo. Mwaka wa 1982 wakashuka tena, safari hii kwa udhaifu wao uwanjani. Juventus nao waliteremshwa mwaka wa 2006. Hakuna jina kubwa kiasi cha kutoweza kushuka. Na mji uliowahi kumfukuza kazi uliupa jina lake uwanja wake mpya mwaka wa 1992.

Basi, mwalimu mwenzangu uliye katika shule isiyotajwa magazetini, usiombe radhi. Mkufunzi hupimwa kwa umbali aliowavusha wanafunzi wake kutoka pale alipowakuta. Nawe mwanafunzi unayelimeza jina la shule yako, litamke. Rocco alikwenda Milan akiwa na maarifa ya Padova kichwani na lahaja ya Trieste kinywani, wala hakuona sababu ya kukificha chochote kati ya hivyo viwili.