Georg Simon Ohm (1789–1854): Mwalimu Aliyepima Ukinzani

Kila unapoandika alama ya Ω kwenye karatasi ya majibu, unamkumbuka mtu aliyekuwa mwalimu wa shule. Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 mjini Erlangen, katika Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli. Hakuwa na elimu kubwa ya darasani, lakini alijisomea mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe hisabati na sayansi. Mama alifariki Georg akiwa na umri wa miaka 10.

Mwaka 1805 Ohm aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen. Alipenda mno dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu, hata baba yake akakasirika na kumwondoa chuoni. Akaenda Uswisi kufundisha hisabati, lakini hakuacha kujisomea. Mwaka 1811, baada ya kurudi Erlangen, alipata shahada ya udaktari. Mwaka 1817 aliajiriwa kufundisha hisabati na fizikia katika shule moja mjini Cologne. Shule hiyo ilikuwa na maabara nzuri, na humo akaanza majaribio ya umeme.

Swali lake lilikuwa hili: waya ukiongezwa urefu, mkondo hupungua kwa kiasi gani? Kumbuka kwamba wakati huo hapakuwa na ammita wala voltimita kama unazotumia wewe. Ohm alitumia sindano ya sumaku iliyoning'inizwa juu ya waya, kwa sababu mwaka 1820 Oersted wa Denmark alikuwa ameonyesha kwamba mkondo wa umeme huigeuza sindano hiyo.

Matokeo aliyochapisha mwaka 1825 hayakuwa sahihi. Betri za wakati ule zilipungua nguvu mara tu saketi ilipofungwa. Hivyo urefu wa waya ulibadilika, na volteji nayo ikabadilika. Hapa kuna somo la maabara: vitu viwili vikibadilika kwa pamoja, huwezi kujua kipi kimeleta matokeo unayoyaona.

Kwa ushauri wa Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, Ohm aliacha betri. Aliunganisha metali mbili, shaba na bismathi, akaweka kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Tofauti ya halijoto kati ya viungo hivyo huzalisha volteji, na kwa kuwa tofauti hiyo haikubadilika, volteji nayo ilitulia. Mwaka 1826 alipima nyaya 8 za shaba zenye unene sawa, kuanzia inchi 2 hadi inchi 130. Safari hii uhusiano ulionekana wazi.

Mwaka 1827 alitoa kitabu kinachoeleza kanuni yake: mkondo unaopita kwenye kondakta huwiana moja kwa moja na volteji, ikiwa halijoto na hali nyingine hazibadiliki.

Kitabu hakikupokelewa vizuri. Ohm alitarajia kazi ya chuo kikuu, akaikosa, na mwaka 1828 akaacha kazi Cologne. Aliishi Berlin kwa vipindi vya kufundisha hapa na pale hadi mwaka 1833, alipoajiriwa Nuremberg. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunuku Nishani ya Copley. Uprofesa wa fizikia mjini Munich aliupata mwaka 1852, na alifariki tarehe 6 Julai 1854. Mwaka 1881 mkutano wa kimataifa wa Paris uliidhinisha jina lake kuwa kizio cha ukinzani.

Mwaka ule ule wa 1841, Mwingereza James Joule alionyesha kwamba joto linalozalishwa na mkondo kwenye waya huwiana na ukinzani na mraba wa mkondo. Ndiyo maana unaweza kutafuta nguvu ya umeme kwa njia mbili.

Mfano: Pasi ya umeme inapitisha mkondo wa ampea 5 kwenye volti 230.

Ukinzani: R = V ÷ I = 230 ÷ 5 = 46 Ω
Nguvu: P = V × I = 230 × 5 = 1150 W
Hakiki: P = I² × R = 25 × 46 = 1150 W

Ukiulizwa kanuni ya Ohm, usiandike V = IR peke yake. Taja sharti la halijoto. Waya wa balbu ukipata moto, ukinzani wake huongezeka, na grafu ya mkondo dhidi ya volteji hupinda.

Jipime
1. Kwa nini Ohm aliacha kutumia betri?
2. Birika la umeme lina nguvu ya wati 2300 kwenye volti 230. Tafuta mkondo na ukinzani wake.

Majibu ya swali la 2: 10 A, 23 Ω.